Kazi ya Kiyidishi Imekufikia Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuitafsirisha Bila Kurudishiwa Faili

Malalamiko ni yaleyale kila mara. Mratibu wa kampuni ndogo ya tafsiri anapokea kurasa zenye herufi za Kiebrania, anamtumia mfasiri wa Kiebrania, na siku mbili baadaye faili linarudi: "Samahani, herufi nazisoma ila sielewi kilichoandikwa." Mwingine kachapisha vipeperushi vya kliniki, kumbe kila neno limegeuzwa nyuma mbele. Wa tatu kakosea tarehe ya barua ya ukoo kwa mwaka mzima, na sasa hati haifanani na vyeti vingine.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mratibu, mfanyakazi wa hospitali au shirika, au mwenye barua za zamani mkononi, ambaye hasomi Kiyidishi wala hana mpango wa kujifunza. Historia ya lugha naiacha. La kujua ni moja: Kiyidishi ni lugha ya jamii moja na Kijerumani, inaandikwa kwa herufi za Kiebrania kutoka kulia kwenda kushoto, na imebeba maneno mengi ya Kiebrania, Kiaramu na lugha za Kislavi. Kumpa mfasiri wa Kiebrania kazi hiyo ni kama kumpa mwenyeji wa Cairo barua ya Kiswahili iliyoandikwa Lamu kwa hati ya Kiarabu. Ataokota "salamu" na "habari", basi.

Kazi hizi huharibika kabla mfasiri hajagusa hata mstari mmoja. Ndiyo maana hatua za mwanzo hapa ni ndefu kuliko za mwisho.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Nakala ya skani ya nukta 300 kwa inchi au zaidi, ya rangi, kurasa zote pamoja na migongo na bahasha.
- Orodha ya majina ya watu na miji inayohusika, yakiwa yameandikwa kama yalivyo kwenye pasipoti au vyeti.
- Jibu la maandishi la mteja kwa maswali mawili: nani aliandika, na nani atasoma?
- Fonti ya Kiebrania yenye alama za irabu. Noto Serif Hebrew ni ya bure na inatosha.
- Kalenda ya Kiyahudi ya mwaka huu.
- Watu wawili: mfasiri na mhakiki. Bajeti ikiwa ya mtu mmoja tu, mwambie mteja mapema kwamba hati itatoka bila kuhakikiwa.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni Kiyidishi

Usiamini jina la faili. Watu huita "Kiyidishi" kila kitu kilichotoka kwa bibi.

Kwa maandishi ya kuchapwa, jaribio ni jepesi. Tafuta herufi ע. Katika Kiyidishi inasimama badala ya irabu "e", kwa hiyo utaiona mara nyingi karibu katika kila mstari. Kisha tafuta maneno mafupi yanayojirudia: און, איז, דער, די. Ukiyaona, ni Kiyidishi. Ukiona של na את zimetapakaa kila mahali, hicho ni Kiebrania.

Zipo hati ambazo kwa kawaida haziandikwi kwa Kiyidishi kabisa. Mkataba wa ndoa ya Kiyahudi, ketuba, huandikwa kwa Kiaramu. Maandishi ya makaburini mara nyingi ni Kiebrania. Cheti cha kuzaliwa cha Warsaw cha kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia utakikuta kwa Kirusi au Kipolandi, hata kama familia nzima ilizungumza Kiyidishi nyumbani.

Jihadhari na mchanganyiko. Barua nyingi huanza kwa heshima na dua za Kiebrania, kisha mwandishi anaingia kwenye Kiyidishi akishaanza kusema yanayomsibu. Mistari mitatu ya juu isikudanganye. Angalia katikati ya ukurasa.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuandika "Kiyidishi, kimechapwa" au "Kiyidishi cha mkono, chenye utangulizi wa Kiebrania" bila kusitasita.

## Hatua ya 2: Jua ni Kiyidishi cha nani

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, na ndipo fedha nyingi hupotea.

Tuanze na kutafsiri kutoka Kiyidishi. Tahajia itakuambia hati imetoka wapi. Ukiona alefu (herufi א) zenye kistari au alama ndogo chini yake, אַ na אָ, huenda ni tahajia sanifu ya YIVO, taasisi ya utafiti wa Kiyidishi iliyoanzishwa Vilnius mwaka 1925 na ambayo sasa iko New York. Kanuni zake zilitolewa mwaka 1937. Ukiona alefu tupu, na herufi za ziada zisizotamkwa kwa kuiga Kijerumani, kama יאהר mahali ambapo sanifu ingeandika יאָר, basi ni gazeti la zamani au maandishi ya Wahasidi wa leo, yaani Wayahudi washika dini sana wanaoishi katika jamii zao wenyewe.

Aina ya tatu ni ya Umoja wa Kisovieti. Huko maneno yenye asili ya Kiebrania yaliandikwa kwa kufuata matamshi, na kuanzia miaka ya 1930 zile herufi za umbo la mwisho wa neno zikaondolewa. Gazeti kubwa la Moscow liliandika jina lake עמעס, neno ambalo kwingineko huandikwa אמת. Mfasiri asiyeijua tahajia hiyo atatafuta kwenye kamusi maneno ambayo hayamo.

Sasa upande wa pili, kutafsiri kwenda Kiyidishi. Swali hapa ni nani atasoma. Wasomaji wengi wa Kiyidishi wa kila siku leo ni Wahasidi: Williamsburg na Borough Park huko Brooklyn, Kiryas Joel na New Square katika jimbo la New York, Stamford Hill mjini London, Antwerp huko Ubelgiji, Outremont mjini Montreal, na mitaa kama Mea Shearim mjini Jerusalem. Kiyidishi chao si cha vitabu vya chuo kikuu. Tofauti za jinsia za nomino zimefifia sana, na maneno ya Kiingereza yameingia kwa wingi kwa wale wa Marekani na Uingereza. Kamusi sanifu itakupa בליצפּאָסט kwa barua pepe. Mama wa Williamsburg anasema imeili kama sisi.

Kwa hiyo kipeperushi cha chanjo kilichotafsiriwa kwa ufasaha wote na mhitimu wa fasihi kinaweza kusomeka kwao kama hotuba ya profesa. Si kwamba kina makosa. Kinanukia ugeni, na mtu mwenye mashaka na chanjo akinusa ugeni hukiweka chini.

Mkurupuko wa surua wa New York wa 2018 na 2019 uliwapata watu 649 mjini humo, wengi wao wa Williamsburg na Borough Park, na idara ya afya ya jiji ililazimika kuchapa maelezo kwa Kiyidishi. Kazi za namna hii zinaendelea kuja, kwa sababu jimbo la New York limekiweka Kiyidishi miongoni mwa lugha ambazo ofisi zake hutafsiri nyaraka muhimu.

Onyo: usikubali jibu la mteja la "Kiyidishi cha kawaida". Hakipo. Muulize mtaa, umri wa wasomaji, na kama ni wa jamii ya Kihasidi.

Umefaulu ikiwa: una sentensi moja inayotaja chanzo au msomaji. Kwa mfano: "Wazazi vijana wa Kihasidi, Stamford Hill, karatasi ya kuchapwa."

## Hatua ya 3: Angalia kama kazi tayari imefanyika

Hatua fupi, lakini imewaokolea watu mamia ya dola.

Kama ulichonacho ni kitabu, anza na maktaba ya kidijitali ya Yiddish Book Center ya Amherst, Massachusetts. Ina vitabu zaidi ya 11,000 vinavyosomwa bure, kwa hiyo hata skani yako mbovu huenda isihitajike. Kama ni kitabu cha kumbukumbu cha mji ulioangamizwa katika mauaji ya Wayahudi, vile viitwavyo yizkor, pitia JewishGen, tovuti ya nasaba za Kiyahudi, ambako wanaojitolea wametafsiri sura nyingi kwenda Kiingereza. Maktaba ya umma ya New York nayo imeviweka vingi mtandaoni.

## Hatua ya 4: Andaa nakala inayosomeka

Kiyidishi cha mkono hakifanani na cha kuchapwa. Herufi zake ni nyingine kabisa kwa sura, na mtu anayesoma magazeti vizuri anaweza kukwama kwenye barua. Picha ya simu iliyopigwa chini ya taa ya chumbani humwongezea mfasiri mateso, na wewe gharama.

Piga skani ya rangi, si nyeusi na nyeupe, kwa sababu wino uliofifia huonekana kwa rangi yake. Usikate kingo. Waandishi wa zamani walibana karatasi: ikijaa, waligeuza ukurasa na kuendelea pembeni, wakati mwingine juu chini. Mstari huo wa pembeni mara nyingi ndio wenye salamu za mtoto au taarifa ya kifo.

Ipe kila picha namba: 01 mbele, 01 nyuma, 02 mbele. Bahasha iwe na namba yake, maana muhuri wa posta ni ushahidi wa tarehe na mji.

Programu za kusoma maandishi? Kwa vitabu vilivyochapwa zinasaidia, na Transkribus ina modeli za mwandiko wa Kiyidishi. Zitumie kupata mwanga, usimpe mteja matokeo yake. Google Translate nayo imekuwa na Kiyidishi tangu 2009. Kwa gazeti sanifu hukupa fununu, kwa tahajia ya Kihasidi huanza kubahatisha. Barua za siri na hati za hospitali usizibandike humo kabisa.

## Hatua ya 5: Tafuta mfasiri, kisha mjaribu

Kwanza niseme wazi: usitegemee kumpata mfasiri wa moja kwa moja kati ya Kiyidishi na Kiswahili. Njia inapitia Kiingereza, wakati mwingine Kifaransa au Kijerumani. Mwambie mteja hivyo kabla ya kutaja bei, na umtake mfasiri wa kwanza aache maelezo ya chini pale penye utata, ili wa pili asijenge juu ya kisio.

Pa kuulizia: YIVO, Yiddish Book Center (ambayo tangu 2013 ina programu ya kuwanoa wafasiri), idara za vyuo zinazofundisha lugha hii, na maktaba ya Kiyidishi ya Medem mjini Paris. Hao ni kwa fasihi na barua za zamani. Kwa kazi ya kwenda Kiyidishi cha Kihasidi, nenda kwa mashirika ya afya na huduma za jamii yanayofanya kazi ndani ya mitaa hiyo. Ndio wanaowajua waandishi wake.

Usiishie kwenye wasifu. Mtumie aya moja ya kazi yenyewe, ulipie, kisha muulize:

1. Hii ni tahajia gani, na mwandishi anaonekana ametoka upande gani?
2. Unasoma mwandiko wa mkono? Wa miaka gani?
3. Ukikuta neno usiloweza kulisoma, unafanyaje?

Swali la tatu ndilo kipimo. Anayejibu "nitaliweka alama na kueleza nadhani ni nini" mpe kazi. Anayesema hajawahi kukwama, muage kwa heshima.

## Hatua ya 6: Andika maelezo ya kazi na kubaliana bei

Kwa skani, kompyuta haiwezi kukuhesabia maneno. Hesabu maneno ya mistari mitatu, tafuta wastani, zidisha kwa mistari ya ukurasa na kwa kurasa. Mwandiko mgumu ulipiwe kwa ukurasa au kwa saa. Anayekubali bei ya neno kwa barua iliyofifia atalipua.

Maelezo yenyewe yasizidi nusu ukurasa. Hivi hivi yanatosha:

> Barua 4 za mkono, kurasa 11, za 1936 hadi 1939, Białystok kwenda Buenos Aires. Kwenda Kiingereza. Matumizi: kumbukumbu za ukoo, si mahakama. Majina ya watu yafuate orodha iliyoambatishwa. Neno lisilosomeka liandikwe [haisomeki]. Tarehe iachwe kama ilivyo, kisha ile ya kawaida kwenye mabano. Miji: jina la Kiyidishi, kisha la leo.

Panga ratiba ukiwa na kalenda ya Kiyahudi mbele yako. Mfasiri anayeshika dini hapokei simu wala barua pepe kuanzia jua kuzama Ijumaa hadi usiku wa Jumamosi. Septemba na Oktoba kuna mfululizo wa sikukuu: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, Sikukuu ya Vibanda. Pasaka yao nayo inakula zaidi ya wiki. Kazi inayotakiwa "baada ya wiki mbili" katikati ya Septemba inaweza kuwa na siku chache tu za kazi ndani yake.

## Hatua ya 7: Majina, miji na tarehe

Miji ina majina yake ya Kiyidishi. Vilne ni Vilnius, Varshe ni Warsaw, Kovne ni Kaunas, Lemberik ni Lviv, Brisk ni Brest ya Belarus. Mfasiri akiandika "Brisk" tupu, mteja ataitafuta kwenye ramani hadi achoke.

Majina ya watu kwenye hati ya kisheria yafuate pasipoti, hata kama mfasiri anaona tahajia nyingine ni sahihi zaidi. Chaim, Khayim na Haim ni jina moja kwa msomi, ni watu watatu kwa karani wa uhamiaji.

Tarehe ndiyo inayoangusha wengi, nawe unaweza kuikagua mwenyewe. Mwaka wa Kiyahudi huandikwa kwa herufi zenye thamani ya namba, na elfu huachwa. Chukua תרצ״ח. Herufi ת ni 400, ר ni 200, צ ni 90, ח ni 8. Jumla 698, yaani mwaka 5698. Ongeza 1240 kwenye 698: unapata 1938.

Lakini mwaka wa Kiyahudi huanza Septemba au Oktoba. Kwa hiyo barua ya mwezi wa Kheshvn wa mwaka huo iliandikwa vuli ya 1937, si 1938. Miezi ya Tishrei, Kheshvn na Kislev punguza mmoja. Teves huangukia pande zote mbili, hivyo itafute kwenye kikokotoo cha kalenda.

Kuna barua zisizo na siku ya mwezi kabisa. Mwandishi anataja siku ya wiki na sura ya Torati inayosomwa juma hilo, na kwake hiyo ni tarehe kamili. Mfasiri mzoefu ataibadilisha. Na barua za Dola ya Urusi zenye tarehe za kiserikali hufuata kalenda ya Juliasi hadi mwanzoni mwa 1918, iliyokuwa nyuma kwa siku 13 katika karne ya ishirini.

Umefaulu ikiwa: kila tarehe ina sura mbili, na muhuri wa posta haupingani nayo.

## Hatua ya 8: Kupanga kurasa

Kazi ya kwenda Kiyidishi hutoka kwa mfasiri ikiwa safi na kuharibikia kwa mpangaji kurasa. Programu isiyoandaliwa kwa lugha za kulia kwenda kushoto hugeuza kila neno nyuma mbele, na asiyesoma haoni tofauti.

Kipimo hiki hakihitaji ujue hata neno moja. Kiebrania kina herufi tano za umbo la mwisho wa neno: ך ם ן ף ץ. Zinakaa mwisho tu, na mwisho wa neno ni kushoto. Chukua PDF ya mwisho, tafuta herufi hizo. Ukizikuta upande wa kulia wa maneno, maandishi yamepinduka. Simamisha mashine ya uchapaji.

Baada ya hapo kagua haya:

- Nukta ya mwisho wa sentensi iko kushoto, si kulia.
- Namba za simu zinasomeka kushoto kwenda kulia kama kawaida. Zijaribu kwa kuzipiga.
- "10–15" haijawa "15–10". Kwenye kipimo cha dawa, kosa hili ni hatari.
- Safu ya kwanza ya jedwali iko kulia, na vidoto vya orodha viko kulia.
- Kijitabu kimefungwa upande wa kulia. Jalada la mbele ni lile ambalo wewe ungeliita la nyuma.
- Alama za אַ na אָ zimekaa chini ya herufi, hazijaruka pembeni.

Herufi za mlazo hazitumiki sana katika maandishi ya Kiebrania. Mkazo uwe kwa herufi nzito. Pia kubaliana na mfasiri tangu mwanzo kama herufi pacha װ itaandikwa kama herufi moja ya kompyuta au kwa kubofya ו mara mbili. Kwa macho ni sawa, ila ukitafuta neno kwenye faili hutalipata, na hifadhi yako ya tafsiri itakuonyesha kwamba hakuna kinacholingana.

Kwa wasomaji wa Kihasidi kuna jambo la picha. Machapisho yao mengi hayachapi picha za wanawake. Muulize mhakiki wa mtaa kabla ya kununua picha, si baada. Na usiishie kuweka tafsiri kwenye tovuti: nyumba nyingi hazina intaneti au zinaibana sana. Karatasi na laini ya simu ya sauti ndizo zinazofika.

## Hatua ya 9: Uhakiki

Mhakiki awe mtu wa kundi litakalosoma. Mwombe asome akiwa na kalamu na aseme mahali alipositasita, si makosa tu. Kwa hati za afya, mtu wa tatu airudishe Kiingereza bila kuona asili, kisha wewe ulinganishe vipimo, siku na makatazo.

Mfasiri na mhakiki wakizozana juu ya tahajia, rudi kwenye ile sentensi ya hatua ya 2. Msomaji ndiye hakimu. Ugomvi wa sanifu na Kihasidi una umri mkubwa kuliko kampuni yako, hutaumaliza kwa barua pepe.

## Hatua ya 10: Uthibitisho

Hapa watu hujitesa bure. Uhamiaji wa Marekani unataka tamko lililosainiwa na mfasiri lenye mambo mawili: kwamba tafsiri ni kamili na sahihi, na kwamba ana uwezo wa kutafsiri kutoka lugha hiyo kwenda Kiingereza. Muhuri wa wakili si sharti lao. Uingereza inataka tamko kwamba ni tafsiri ya kweli na sahihi ya hati asili, tarehe, jina kamili na mawasiliano ya mfasiri.

Tamko liitaje lugha kwa jina lake. Likisema "Kiebrania" kwa sababu karani alinakili fomu ya kazi iliyopita, hati inaweza kurudishwa. Kama barua ina utangulizi wa Kiebrania, tamko litaje lugha zote mbili.

Kabla ya kutuma, weka skani ya asili, tafsiri na tamko katika PDF moja kwa mpangilio huo, kisha ifungue kwenye simu ya mtu mwingine, isiyo na fonti ulizosakinisha wewe. Alama zikibaki mahali pake na herufi za mwisho zikiwa kushoto, tuma na uandike ankara.